Betri ya kiti cha magurudumu: Itunze ikutunze

Na DAKTARI WETU

MWAKA jana nilimtibu kijana mmoja kidonda cha makalio mara mbili, na mara zote mbili kidonda kilirudi. Kijana huyo alipooza kuanzia kifuani kwenda chini baada ya ajali ya bodaboda katika barabara ya Namanga. Anaishi na mama yake katika nyumba ya kupanga upande wa Laiser Hill, Kajiado, na hutumia kiti cha magurudumu kinachoendeshwa kwa stima. Nilimwandikia dawa, nikamfundisha mama kusafisha kidonda, nikasisitiza mayai, maziwa na maharagwe. Kidonda kilipofunguka mara ya tatu ndipo nilipoamua kuwatembelea nyumbani.

“Mama, kijana wetu hukaaje mchana?” nilimuuliza.

“Daktari, kiti kikizima hukaa pale pale mpaka nirudi kutoka sokoni,” akajibu. “Siku hizi betri haifiki hata saa sita.”

Jibu nililolitafuta kwa miezi mitano lilikuwa hilo. Kiti cha kijana huyu huinama nyuma kwa nguvu za betri ili kuyapunguzia makalio uzito. Betri ikiisha, yeye hubaki ameketi wima, na damu haipiti vizuri katika ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na mto. Mtu asiye na ganzi angejisogeza. Yeye hasikii chochote, na mikono yake haina nguvu za kumwinua.

Nilipoangalia zaidi nilipata mengine. Kiti kilichajiwa usiku kando ya mtungi wa gesi. Chaja ilifunikwa blanketi kwa sababu taa yake iliwasumbua kulala. Betri moja kati ya mbili ilikuwa ya gari, iliyowekwa na fundi baada ya ile ya awali kufa. Nyumba ile ingeweza kuungua, na mimi nilikuwa nimeandika dawa mara mbili bila kuuliza swali moja kuhusu betri.

Kwa sababu hiyo, leo tutajifunza jinsi ya kuchaji na kutunza betri za kiti cha stima. Somo hili linamhusu mwenye kiti, jamaa zake, yaya na hata mwenye nyumba.

Betri hizi ni za namna gani?

Viti vingi vya stima hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kufuatana ili kutoa volti 24. Betri moja huwa na uzito wa kati ya kilo 10 na 25 hivi, kulingana na ukubwa wa kiti. Kuna aina mbili kubwa ambazo msomaji atazikuta.

Aina ya kwanza ni ya madini ya risasi na asidi. Zile za viti zimezibwa, hazifunguliwi wala kuongezwa maji. Asidi yake imenyonywa na kitambaa maalum au imegandishwa kama uji mzito ili isimwagike kiti kikiinama. Aina ya pili ni ya lithiamu, ambayo ni nyepesi na huonekana zaidi katika viti vipya vya kukunjwa. Soma maandishi yaliyo juu ya betri ili ujue yako ni ipi, kwa kuwa matunzo yake hayafanani.

Betri ya gari haifai katika kiti. Hiyo imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha injini yenyewe huijaza tena. Betri ya kiti hutoa nguvu kidogo kidogo siku nzima mpaka ikaribie kwisha. Betri ya gari ikitumiwa hivyo hufa baada ya muda mfupi. Tena, nyingi kati yake zina asidi ya majimaji ambayo humwagika kiti kikilala upande, na hutoa gesi nyingi zaidi zinapochajiwa.

Betri za kiti hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, zikiwa za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile kuukuu hujaa upesi na kuisha upesi. Chaja haijui tofauti hiyo. Itaendelea kusukuma umeme, moja izidishiwe na nyingine ipungukiwe. Mama wa kijana wetu alidhani ameokoa pesa kwa kubadilisha moja, kumbe aliziua zote mbili.

Soma kibandiko cha chaja

Viti vingi nchini ni vya msaada kutoka nchi za nje au vimenunuliwa vikiwa vimetumika. Hapa kuna hatari ambayo watu wengi hawaijui. Stima ya Kenya ni ya volti 240. Stima ya Marekani ni ya volti 120 hivi. Chaja iliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani pekee ikichomekwa katika soketi yetu inaweza kuungua papo hapo.

Geuza chaja usome kibandiko chake. Kikiandikwa 100-240V, chaja hiyo itafanya kazi hapa bila shida ila utahitaji plagi inayofaa. Kikiandikwa 115V au 120V peke yake, usiichomeke. Chaja nyingine zina swichi ndogo ubavuni ya kuchagua volti. Hakikisha imewekwa kwenye 230 au 240 kabla ya kuigusisha na soketi.

Angalia pia upande wa pili wa kibandiko, yaani umeme unaotoka. Betri za volti 24 huchajiwa na chaja ya volti 24, na aina ya betri iliyoandikwa kwenye chaja iwe ndiyo uliyo nayo. Chaja ya betri za risasi haichaji lithiamu, hata kama plagi inaingia. Kosa hili linaweza kuwasha moto katika betri za lithiamu.

Mahali pa kuchajia

Wapangaji wengi wa Kitengela, Rongai na Kajiado huishi katika chumba kimoja au viwili. Si rahisi kumwambia mtu achaji kiti katika chumba cha peke yake. Hata hivyo, yapo mambo ambayo kila mtu anaweza kuyafanya.

Betri ya risasi inapochajiwa, hasa ikizidishiwa, inaweza kutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ndogo tu. Betri iliyozibwa hutoa kidogo sana ikiwa nzima, lakini betri iliyochoka au chaja mbovu hubadilisha hesabu hiyo. Kwa hivyo fungua dirisha. Usichaji karibu na jiko la makaa, mtungi wa gesi, mshumaa au mtu anayevuta sigara.

Chaja hupata joto ikifanya kazi na huhitaji hewa. Iweke juu ya sakafu ya simiti au ubao mgumu. Usiiweke juu ya godoro, zulia au nguo, wala usiifunike. Taa yake ikisumbua macho, geuza uso wake ukutani lakini acha nafasi pande zote.

Usiweke kiti kinachochajiwa kati ya kitanda na mlango. Moto ukianza hapo, njia ya kutokea imefungwa, na mwenye kiti ndiye asiyeweza kuruka dirishani.

Chomeka chaja moja kwa moja katika soketi ya ukutani. Chaja yenyewe haili umeme mwingi. Shida huja pale waya mmoja wa kurefusha umeme unapobeba chaja, pasi, birika la maji moto na runinga kwa pamoja. Plagi ikiwa ya moto ukiigusa, au soketi imekuwa nyeusi, acha kuitumia na umwite fundi wa stima.

Hatua kwa hatua

1. Zima kiti kwanza kwa swichi yake.

2. Vua pete, saa na bangili. Kwa jamaa zetu wanaovaa bangili za chuma au shaba, jambo hili ni muhimu. Chuma kikigusa ncha mbili za betri kwa pamoja, umeme mwingi hupita hapo kwa nukta moja na kuunguza mkono mpaka kwenye mfupa.

3. Kagua waya na plagi. Waya uliochubuka haufungwi kwa plasta ya kidonda wala karatasi ya nailoni.

4. Unganisha chaja na kiti, halafu chomeka ukutani na uwashe. Kiti chako kikiwa na kitabu cha maelezo chenye mpango tofauti, fuata kitabu.

5. Ngoja taa ionyeshe kwamba betri zimejaa. Kwa betri za risasi, hilo huchukua kati ya saa 8 na 12 hivi.

6. Zima ukutani kwanza, kisha uchomoe. Ukichomoa waya kwenye betri umeme ukiwa bado unapita, cheche hutokea mahali palipo na gesi.

Kuhusu gharama, usiogope. Betri mbili za saa-ampea 50 zikijazwa kutoka chini kabisa hula yuniti moja na nusu hivi za stima. Hiyo ni rahisi kuliko kununua betri mpya kila mwaka.

Lini uchaji?

Betri za risasi hupenda kujaa. Zichaji kila usiku baada ya matumizi ya mchana, hata kama hukuenda mbali. Ukiziacha zikiwa zimepungua, chembe ngumu hujijenga ndani yake kama magadi kwenye sufuria, na kila siku inayopita nafasi ya kuweka umeme hupungua. Betri iliyoachwa tupu kwa wiki kadhaa huenda isifufuke.

Wapo wanaosema kwamba ni lazima betri iishe kabisa kabla ya kuchajiwa. Ushauri huo ulitokana na betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Kwa betri za risasi ni sumu, na kwa lithiamu hauna faida yoyote.

Ukienda mashambani kwa mwezi mmoja na kukiacha kiti, jaza betri za risasi kwanza, zima kiti, na umwombe mtu azichaji tena kila baada ya wiki chache. Lithiamu hukaa vizuri zaidi ikiwa karibu nusu. Zote ziwekwe kivulini. Joto hufupisha maisha ya betri. Kwa betri za risasi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha kwa karibu nusu. Kwa hiyo usikiache kiti chini ya bati au juani kutwa nzima.

Stima ikikatika

Stima ikipotea katikati ya kuchaji, zima soketi. Inaporudi mara nyingi huja na msukosuko unaoweza kuunguza chaja. Ngoja dakika chache itulie ndipo uwashe.

Ukitumia jenereta, iache nje, mbali na dirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni ambayo huua watu usingizini bila dalili ya kuwaamsha.

Mwenye kiti awe na mpango wa siku ambayo betri hazikujaa. Kila kiti cha stima huwa na wenzo wa kuachanisha mota na magurudumu ili kisukumwe kwa mikono. Jamaa wote wajue ulipo. Lakini tahadhari: wenzo huo ukifunguliwa, katika viti vingi breki hazishiki tena. Usiufungue kwenye mteremko, na usimwache mtu juu ya kiti hicho bila kukishikilia.

Mpango huo uwe pia na mtu. Anayekaa kwenye kiti anatakiwa kupunguza uzito kwenye makalio kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa dakika moja au mbili. Asipoweza mwenyewe na kiti kimezima, jirani amsaidie kuegemea upande mmoja, halafu mwingine. Ngozi ikiwa na alama nyekundu, au katika ngozi nyeusi alama iliyokoza zaidi, yenye joto au ugumu usioondoka baada ya kupumzishwa, hiyo ndiyo mwanzo wa kidonda. Mtu alale kwa ubavu na apelekwe kliniki mapema.

Kagua kila mwezi

Kiti kikiwa kimezimwa na kuchomolewa, tazama betri. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye ncha, betri iliyovimba, ufa, unyevu au harufu ya yai bovu, usiitumie. Mwite fundi anayejua viti hivi. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumgusa mtoto.

Fundi anaweza kupima kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma karibu 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Ikichajiwa usiku kucha na asubuhi isipite 12.4, maisha yake yanaelekea ukingoni. Kwa matumizi ya kila siku, betri za risasi hudumu mwaka mmoja hadi miwili, na zilizotunzwa vizuri huweza kufika mitatu. Anza kuweka akiba mapema.

Ajali ikitokea

ASIDI IKIMWAGIKA: Vua nguo zilizolowa na umwagie maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Jicho lioshwe kutoka upande wa pua kwenda nje ili maji yasiingie jicho la pili. Usipake magadi, siagi, dawa ya meno wala yai. Kisha nenda hospitalini. Kumbuka kwamba mtu aliyepooza hasikii miguu ikiungua. Mkague ngozi kwa macho, hata akisema hana maumivu.

CHAJA AU WAYA UKITOA MOSHI: Zima swichi kuu ya nyumba. Usimwage maji juu ya kitu chenye stima.

BETRI YA LITHIAMU IKIVIMBA, IKITOA SAUTI YA KUFOKA AU MOSHI: Mtoe mtu kwanza, toka nje na ufunge mlango nyuma yako. Moshi wake una sumu, na moto huweza kuwaka tena baada ya kuzimika. Piga simu 999 au 112.

Betri iliyokufa

Usiitupe jaani, usiichome wala usiipasue ili kuuza risasi. Sote twakumbuka kijiji cha Owino Uhuru huko Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia watu sumu ya risasi, watoto wakiwemo, mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Bi Phyllis Omido, aliyepigania wakazi hao baada ya mtoto wake kuathirika, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Irudishe betri kwa aliyekuuzia au kwa mnunuzi aliyeidhinishwa.

Majibu kwa wasomaji

Je, nikiacha chaja usiku kucha betri zitaharibika? Chaja za kisasa hupunguza umeme zenyewe betri zikijaa. Ikiwa chaja yako ni ya zamani, au betri huwa moto sana asubuhi, ipeleke ikapimwe. Kama una lithiamu, ni heri uchaji jioni ukiwa macho.

Naweza kuchajia simu kwenye kiti? Ikiwa kiti kina tundu lake la kuchajia simu, naam. Fundi asikate waya za betri moja ili kuunganisha taa au redio. Betri hiyo itachoka kabla ya mwenzake.

Sina uwezo wa kununua betri. Nifanye nini? Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinawapa walemavu haki ya kupata vifaa vya kuwasaidia. Jiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na uulize kuhusu vifaa. Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, hutengeneza na kurekebisha viti vya magurudumu. Unapoomba kiti cha stima, uliza siku hiyo hiyo betri zake zitatoka wapi baada ya miaka miwili. Anayekupa kiti bila jibu hilo amekupa nusu ya kiti.

Kijana wetu sasa ana betri mbili mpya za aina moja, zilizonunuliwa kwa mchango wa majirani. Mtungi wa gesi umehamishiwa barazani na blanketi limerudi kitandani. Saa kumi jioni kiti chake bado huinama. Kidonda kilichukua wiki kumi na moja kufunga, na mpaka naandika haya hakijarudi.

KUMBUKA: Dirisha wazi, chaja bila kufunikwa, betri mbili za aina moja, na kuchaji kila usiku. Na wewe daktari mwenzangu, mgonjwa wa kiti cha stima akija na kidonda, muulize kwanza betri yake hufika saa ngapi.